Namba za homoni baada ya IVF (yai kurutubishwa maabara): maswali ya wiki za mwanzo

Nilipandikiziwa kiinitete cha siku 5 huko Kampala. Siku ya 10 hCG yangu (homoni ya mimba) ilikuwa 96, mwenzangu alipata 310. Je, mimba yangu ni dhaifu?

Namba moja haiwezi kusema hivyo. hCG hutolewa na chembe zitakazounda kondo la nyuma, na huanza kuingia kwenye damu kiinitete kikishajishikiza. Kilichojishikiza siku moja mapema kitakuwa na namba kubwa zaidi. Siku hiyo ya 10 mimba yako ilihesabiwa kuwa na wiki 4 na siku 1 (hesabu huanza wiki mbili kabla ya yai kurutubishwa), umri ambao tofauti kati ya mwanamke na mwanamke ni kubwa mno. Rudia kipimo cha damu baada ya saa 48.

Lazima iwe imeongezeka mara mbili?

Hapana, na wanawake wengi wamelia bure kwa kuambiwa hivyo. Kipimo cha kwanza kikiwa chini ya 1,500, ongezeko la chini linalotarajiwa kwa mimba nzima ndani ya saa 48 ni kama asilimia 49. Kati ya 1,500 na 3,000 ni asilimia 40, na zaidi ya hapo ni 33. Kwa hiyo 96 ikifika 150 bado tumaini lipo, ingawa daktari atataka kuifuatilia.

Pimia maabara ileile. Ukipima Kampala, ukapanda basi hadi Arua na kurudia huko, mashine tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile, na utahangaika bila sababu. Waambie pia kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini (aina ya vitamini B) nyingi, kwani huvuruga baadhi ya mashine.

Kipimo cha mkojo kilionyesha mimba mapema, kisha kikafifia. Kwa nini?

Huenda ni mabaki ya sindano ya hCG ya kupevusha mayai. Inaweza kukaa mwilini hadi siku 10 au 14. Ngoja siku ya kupima damu uliyopangiwa na kliniki.

Projesteroni yangu, homoni inayotunza mimba, imesoma 8. Niongeze dawa yake?

Usiongeze wala kupunguza kabla ya kuzungumza na kliniki yako. Dawa inayowekwa ukeni hufika kwenye mji wa mimba moja kwa moja, hivyo damu inaweza kuonyesha kiasi kidogo hata kama kizazi kimepata cha kutosha. Na ikiwa unameza didrojesteroni, dawa inayofanya kazi kama projesteroni, kipimo cha projesteroni hakiioni kabisa.

Hatari kubwa zaidi ni kuishiwa dawa. Kama kiinitete kilikuwa kimegandishwa na mji wa mimba uliandaliwa kwa dawa bila yai kupevuka, ovari hazitengenezi projesteroni ya kutosha. Dawa ndiyo tegemeo mpaka kondo lichukue kazi, kwenye wiki ya 7 hadi 9, na kliniki nyingi huendelea nayo hadi wiki ya 10 au 12. Kabla ya kurudi Gulu au Moroto, nunua ya kutosha kufika miadi inayofuata, na uitunze mbali na joto kwa sababu vidonge vya ukeni vyenye mafuta huyeyuka. Ukiona matone ya damu, usiache dawa kwa hofu. Piga simu kliniki.

Niache lini kupima hCG?

Mfuko wa mimba huonekana kwa ultrasaundi ya ukeni kwenye wiki ya 5, mpigo wa moyo kwenye wiki ya 6 au 7. Mpigo ukionekana, namba hazina kazi tena. Homoni hii hufika kileleni kati ya wiki ya 8 na 11, kisha hushuka yenyewe.

Ni dalili zipi zisingoje majibu?

Maumivu makali upande mmoja wa tumbo, maumivu ya bega, kizunguzungu au kuzimia. Mimba inaweza kutunga kwenye mrija hata baada ya IVF, kwa kuwa kiinitete husogea kabla ya kujishikiza. Tumbo kuvimba haraka, kukosa pumzi na mkojo kupungua huashiria ovari zilizochochewa kupita kiasi. Kituo cha Afya III hakina chumba cha upasuaji, kwa hiyo nenda hospitali moja kwa moja, na useme mara ufikapo kwamba ulipandikiziwa kiinitete na tarehe yake.