Kwaya msibani: huzuni iko kwenye noti gani?

Kukitokea msiba, walimu wengi wa kwaya hukimbilia wimbo wa maina, yaani ule wenye ngazi ya noti inayosikika ya huzuni. Si lazima. Tenzi nyingi tunazozikia ziko kwenye meja, ngazi inayosikika changamfu, na watu wanalia vilevile. Huzuni hukaa kwenye mwendo, na kwenye noti inayochelewa kushuka.

Chukua mwisho wa ubeti, besi inapotoka fa kurudi do. Alto inabaki do, teno inatoka la kwenda so. Soprano, iliyokuwa fa, usiiruhusu kushuka nao: ishikilie fa pigo zima juu ya do ya besi, ndipo itue mi. Pigo hilo moja hubana kifua; mi ikifika, hata aliyekaa mbali anashusha pumzi. Kinachoharibu ni teno kudandia mi mapema, ikagongana na fa ya soprano, au soprano yenyewe kushuka kwa woga kwa sababu inasikia mgongano. Mgongano huo wa fa kushikiliwa juu ya do ndio tunaoutaka! Zoezeni mapigo hayo mawili peke yake, kwanza soprano na besi, kisha ongezeni teno.

Mwendo uwe mapigo 60 hadi 66 kwa dakika. Ukipungua hapo, waliokwisha kulia wanakatikiwa pumzi katikati ya neno. Wa sauti moja wapumue kwa kupokezana, wasisubiri mkato.

Ki, yaani kimo cha sauti cha wimbo, ishushwe nusu toni au toni moja tu, maana koo lililobanwa na kilio halifiki juu. Ukizidisha, besi inapotea uwanjani chini ya turubai. Na bila kinanda sauti ya kwaya huporomoka yenyewe, kwa hiyo toa do upya kila wimbo, usitegemee ile ya mwisho iliyobaki masikioni. Mwanakwaya aliyefiwa asipewe solo, hata akiomba. Asimame katikati ya wenzake.

Makaburini, udongo ukiwa unafukiwa, chagua nyimbo zenye kiitikio ambacho waombolezaji wanakijua kwa kichwa. Hapo hakuna anayesoma noti. Rudieni kiitikio mpaka mashepe yanyamaze. Msalaba ukishasimikwa na mashada kuwekwa, ndipo mwendo upande hadi 80 hivi na makofi yaingie polepole. Mkipandisha kabla ya hapo, wafiwa wataona mnawasherehekea.