Unazima mashine saa kumi, macho yanaanza saa sita usiku

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya kuchomelea vyuma tulipewa grili za nyumba moja Shangani. Siku hiyo ilikuwa ya kupachika tu: nukta hapa, nukta pale, fremu isimame ndipo ichomelewe kamili. Kupandisha na kushusha kofia ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi, kila baada ya nukta kunachosha shingo, na mwenzangu aliyenitangulia kazini akanipa ujanja wake: fumba macho, gusa, fumbua. Nikafanya hivyo kutwa nzima. Jioni nikaoga, nikala, nikalala vizuri kabisa.

Saa sita usiku nikaamka nikidhani nimemwagiwa mchanga machoni. Kila nikipepesa, mchanga unasaga. Machozi hayakatiki, na mwanga mdogo wa simu ulinichoma kama sindano. Nilikaa gizani mpaka alfajiri, kitambaa kibichi usoni, nikiamini kabisa kwamba nimepofuka.

Leo nina karakana yangu hapa Mtwara na vijana wanne wanaojifunza kwangu, na kabla kijana hajashika holda, kile kishikio cha rodi, namsimulia usiku ule. Cheche unaiona. Chuma cha moto kinakuunguza papo hapo, mkono unajitoa wenyewe. Lakini mengi yanayotuumiza katika kazi hii hayafiki palepale. Yanakuja baadaye, ukiwa nyumbani, umeshaisahau kazi yenyewe, na ndiyo maana fundi anaweza kurudia kosa lile lile miaka kumi bila kujua linamfanya nini.

Kilichonipata kinatokana na mionzi ya urujuanimno. Tao la umeme, ule mwali unaowaka kati ya rodi na chuma, linaitoa kwa wingi, nayo inaunguza utando wa mbele wa jicho kama jua linavyounguza ngozi. Maumivu huchelewa, mara nyingi saa sita hadi kumi na mbili. Kufumba macho hakusaidii, kwa sababu ukigusa chuma mwanga umeshafika kabla kope haijafunga, na ukiwahi kufumbua, nukta bado inawaka. Siku nzima ya nukta mia mbili, vimwanga hivyo vyote vinajumlika jichoni. Miwani ya jua nayo haitoshi hata kidogo. Inapunguza mwanga unaouona, uso mzima unabaki wazi, na wewe unapata ujasiri wa kutazama zaidi.

Kwa rodi za milimita 2.5 na 3.2, ambazo ndizo tunazotumia kwa mageti na grili, natumia kioo cha kofia namba 10 au 11. Namba huwa imechapwa kwenye kioo chenyewe. Kioo kisicho na namba sikinunui, hata kikiwa cheusi kiasi gani, maana weusi peke yake hauniambii kama kinazuia ile mionzi nisiyoiona.

Na ikishatokea? Jicho lenyewe hupona kwa siku moja au mbili. Kaa gizani, weka kitambaa safi chenye maji baridi, usifikiche, meza dawa ya kawaida ya maumivu, nenda hospitali wakakuangalie. Maziwa ya mama, maji ya kitunguu, kipande cha kiazi, vyote hivyo nimeona vikitiwa machoni, na jicho lililoungua ni kidonda; usikitie kidonda vitu vya jikoni. Usitafute pia matone ya kutia ganzi ya kujitilia nyumbani. Yanaondoa maumivu kweli, ila ukiyarudiarudia yanachelewesha utando kupona. Kama kilichokuingia ni kipande cha chuma cha grenda au gamba ulilokuwa unaligonga, usisubiri kesho.

Nina neno na wenzangu wenye karakana za kando ya barabara. Wewe una kofia. Mtoto anayetoka shule na kusimama kutazama ule mwanga hana. Turubai moja kuukuu likining'inizwa upande wa barabara linatosha. Sisi tumeweka mawili, kwa sababu watoto huchungulia pembeni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa huku kwetu nadhani ndilo linalopoteza watu zaidi. Hewa ya bahari inakula chuma. Geti la bomba jeusi likikaa Mikindani misimu michache bila rangi nzuri, linaanza kumeguka kama mkate mkavu. Kwa hiyo wateja wamejanjaruka, wanataka bomba la galvanaizi. Nami nawaelewa. Lakini ule weupe wa galvanaizi ni zinki, nayo zinki inachemka kwenye nyuzi 907, wakati chuma chenyewe kinayeyuka kwenye kama 1,500. Maana yake kabla chuma hakijaanza kuungana, zinki imeshakuwa moshi. Ule moshi mweupe mzito, na nyuzinyuzi kama pamba zinazoelea, ndiyo hiyo.

Unauvuta mchana. Usiku, zikiwa zimepita saa nne hadi kumi tangu uuvute, unaanza kutetemeka. Baridi kali, homa, viungo vinauma, kichwa kinagonga, mdomoni ladha ya chuma. Mtu yeyote wa Mtwara au Lindi akitetemeka usiku anasema nini? Malaria. Anameza dawa mseto bila kupima, kesho yake au keshokutwa homa imekwisha, anaamini dawa imefanya kazi. Haikufanya chochote. Homa ya moshi wa zinki huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Jumatatu anarudi kwenye bomba lile lile, na wala hajui kwamba Jumatatu ndiyo siku mbaya zaidi: mwili huzoea kidogo kidogo wiki nzima, ukipumzika mwisho wa wiki unasahau, na ukirudi homa inakushika upya.

Sisemi malaria ipuuzwe. Huku iko, na inaua. Nenda ukapime. Ila ukifika kwa daktari mwambie, "Jana nilichomelea galvanaizi." Ni maneno machache, lakini bila hayo daktari hana namna ya kujua. Na kama kifua kinabana au unashindwa kuvuta pumzi, hiyo si homa ya kulalia nyumbani. Wahi hospitali hapohapo.

Kinga yake si maziwa. Najua karakana nyingi bosi hununua maziwa, nami sina ubaya na maziwa, lakini yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Kinga ni kuiondoa zinki kwanza kwa grenda, sentimita mbili au tatu kila upande wa mahali pa kuunga, umevaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, ile ya N95 au P2, kwa sababu ya kitambaa haizuii. Baadaye paka rangi ya zinki pale ulipoparua, ili mteja asipoteze alicholipia. Kisha angalia upepo. Wakati wa kusi watu wengi huupa mgongo wakidhani moshi utakwenda mbele. Kumbe upepo ukipita mabegani mwako unazunguka na kurudisha moshi usoni, chini ya kofia. Simama upepo ukupige ubavuni. Jaribu kesho uone tofauti.

Hata chuma kisicho na zinki moshi wake si wa kuuzoea. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hilo nalo linachelewa, kwa miaka.

Umeme utasema hauchelewi. Unachelewa kwa namna yake. Chukua mwezi wa Januari, jasho halikauki. Asubuhi glavu kavu, buti kavu, unabadilisha rodi bila kuhisi chochote. Saa nane mchana glavu ile ile imelowa, ukibadilisha rodi unahisi vidole vinachezacheza. Mashine haijabadilika. Umebadilika wewe. Ngozi kavu inaupinga umeme sana, ngozi iliyolowa jasho inaupinga kidogo. Piga hesabu: volti 80 za mashine isipochomelea, gawanya kwa omu 1,000 za mwili uliolowa, unapata miliampia 80. Kwenye miliampia kumi hivi misuli ya mkono hukaza na huwezi kuachia. 30 zikipita kifuani zinaweza kuvuruga moyo.

Mtu ataniambia ameweka ile swichi ya kukata umeme unaovuja, RCD. Vizuri, iache. Lakini elewa inalinda wapi. Inalinda upande wa kuingilia, kuanzia soketi hadi kwenye mashine. Upande wa holda umetenganishwa na transfoma. Ukipigwa kati ya rodi na meza ya kazi, RCD haioni kitu chochote na haitakata. Upande ule unalindwa na glavu kavu, ubao mkavu chini ya miguu, na holda isiyo na ufa. Kwangu kila kijana ana jozi mbili za glavu za ngozi, moja mkononi, nyingine juani, na ninazinunua mimi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, kwa hiyo kijana unayeambiwa ukajinunulie glavu, ujue hiyo si hisani unayoomba.

Kuhusu mashine za kienyeji zilizosokotwa na mafundi wetu, siwezi kuzidharau. Nimejifunzia juu yake. Ila peleka mita upime volti kati ya holda na athi, ile kebo inayobanwa kwenye kazi, mashine ikiwa imewashwa bila kuchomelea. Kanuni za kimataifa kwa mashine za AC zinakomea volti 80 mahali pa kawaida, na 48 mahali penye maji au finyu, kama ndani ya tangi. Nimewahi kuona iliyosoma juu ya mia. Na kama insulesheni kati ya waya za ndani imechoka, volti 230 za TANESCO zinaweza kutoka moja kwa moja kwenye holda. Waya wa athi wa bodi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, usikatwe eti plagi ina miguu miwili.

Moto nao una subira. Kuna mwaka tulikwenda kurekebisha mlango wa ghala la korosho wilayani Tandahimba. Tulifagia mbele ya mlango, tukamaliza, tukakusanya nyaya, tukaenda kula. Kijana mmoja hakuwa na njaa, akabaki amekaa kwenye ndoo. Zilipita kama dakika arobaini, akanusa. Cheche moja ilikuwa imepita chini ya mlango, ikabingirika hadi kwenye rundo la magunia matupu, ikajificha kwenye mshono. Hapakuwa na mwali, palikuwa na tundu jekundu la ukubwa wa kitufe, linatanuka polepole. Akalitoa gunia nje kwa koleo, akalimwagia maji. Pembeni mwa magunia yale palikuwa na mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, miwili imepasuka, unga wake wa njano umetapakaa sakafuni. Salfa hushika moto upesi, vumbi lake likiwa hewani linaweza kulipuka, na moshi wake unakaba koo hata mwokoaji hawezi kuingia.

Tangu siku ile hatuondoki. Cheche zinaweza kuruka mita kumi na zaidi, kwa hiyo eneo hilo lote linafagiwa au kufunikwa, ndoo ya maji na ya mchanga ziko tayari, na mtu mmoja anabaki saa nzima baada ya mashine kuzimwa. Saa hiyo naiandika kwenye bei. Mteja akiuliza, namwonyesha picha ya lile gunia.

Kitu kimoja tu sitakifanya kwa bei yoyote, nacho ni chombo kilichobeba petroli. Mzee mmoja mvuvi alivuka kutoka Msangamkuu na tangi la chuma la boti yake, lina ufa kwenye kona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimelimwaga jana, limekauka kabisa. Nusa mwenyewe."

Ukavu ndio unaodanganya. Tangi lililojaa petroli halina hewa ndani ya kuchanganyika. Tangi tupu linayo. Mvuke wa petroli ukifika asilimia moja na nusu hivi ya hewa ya ndani unawaka, na kwa hilo vijiko vichache vilivyojificha kwenye mishono vinatosha. Ukianza kulipasha moto, mishono inatema ilichoficha. Wapo wanaolijaza maji na kuacha upenyo mdogo, wapo wanaoingiza moshi wa bomba la gari. Wamefaulu mara nyingi, na inahitajika mara moja tu kutofaulu. Hali kadhalika pipa la dizeli, na rimu yenye tairi juu yake: mpira ukipata joto ndani unatoa gesi, na tairi linalipuka hata kama upepo ulipunguzwa.

Mzee hakufurahi. Safari ya kivuko, siku ya bahari imepotea. Nilikaa naye kivulini nikamweleza hivi nilivyoandika hapa, kisha nikamtengenezea tangi jipya la bati la milimita 2, tukakubaliana alipe kwa awamu tatu. La zamani aliliacha kwangu. Liko ukutani, mdomo wazi, nimeliandika kwa chokaa USICHOMEE, na kijana mpya akifika ndilo la kwanza kuuliza.