Je, wajua kwa nini wakili nchini Marekani lazima amwonye asiye raia kabla hajakiri kosa?

Kesi nyingi za jinai Marekani huishia mezani. Mshtakiwa anaelewana na mwendesha mashtaka, anakiri kosa, anapunguziwa adhabu. Kwa raia, mara nyingi yamekwisha. Kwa asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kukiri huko kunaweza kumfukuzisha nchini.

Yalimfika Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyekuwa mkaazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na aliyelitumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na shehena ya bangi ndani ya lori. Wakili wake akamwambia asihofu mambo ya uhamiaji, maana ameishi nchini muda mrefu. Akakiri. Kumbe sheria ilikuwa wazi kabisa: karibu kila kosa la dawa za kulevya humfanya mtu astahili kufukuzwa, isipokuwa kupatikana mara moja na bangi isiyozidi gramu 30 ya kutumia mwenyewe.

Tarehe 31 Machi 2010, Mahakama ya Juu iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba haki ya kuwa na wakili katika Marekebisho ya Sita ya Katiba inagusa jambo hili pia. Sheria ikiwa wazi, wakili aseme wazi. Ikiwa na utata, angalau amtahadharishe mteja. Kunyamaza hakuruhusiwi.

Uamuzi huo ulichelewa mno, kwa maoni yangu. Tangu 1893 mahakama hiyo ilishikilia kwamba kumfukuza mgeni si adhabu ya jinai. Hata hivyo, kuanzia 1917 hakimu wa kesi aliweza kupendekeza mtu asifukuzwe, na pendekezo lake likafuatwa. Bunge liliufuta uwezo huo 1990, kisha 1996 likakaza sheria zaidi. Nafasi ya huruma ikabaki pale pale panapojadiliwa kukiri.

Na hapo siku moja ina uzito wa ajabu. Anayehukumiwa kwa wizi kifungo cha mwaka mmoja huingia katika kundi la makosa mazito kabisa ya uhamiaji, hata kama kifungo chote kimeahirishwa na hakulala jela usiku mmoja. Akipewa siku 364, haingii kundi hilo. Wakili anayelijua hili ataiomba siku hiyo ipunguzwe, na mwendesha mashtaka hapotezi kitu cha maana. Asiyejua ataupokea mwaka kwa furaha, akidhani amemwokoa mteja.

Mwaka 2017 mahakama hiyo ilimruhusu Jae Lee, aliyeletwa kutoka Korea Kusini akiwa mtoto, kufuta kukiri kwake baada ya kupotoshwa na ushauri wa wakili, ingawa ushahidi dhidi yake ulikuwa mzito. Lakini waliokuwa wamemaliza kesi na rufaa zao kabla ya uamuzi wa 2010 hawanufaiki nao. Hilo liliamuliwa 2013. Na kesi ikishafika mbele ya jaji wa uhamiaji, kwa kawaida serikali haimlipii mtu wakili.