Mzee anaposahau: yapi ya umri, yapi ya hospitali

Septemba ni mwezi wa kampeni ya ugonjwa wa Alzheimer duniani, na kilele ni tarehe 21. Msimu huu kliniki ya wazee hupokea watu wa aina mbili: wanaomleta mzazi ambaye hawatambui tena wanawe, na wanaokuja bila mzee, wakiomba barua. Hawa wa pili ndio wanaoongoza kwa malalamiko, na nitawafikia.

Kuanzia miaka ya 40 hivi ubongo hupungua ukubwa taratibu, zaidi sehemu ya mbele na hipokampasi, inayosajili mambo mapya. Kasi ya kufikiri nayo hushuka. Ndiyo maana bibi humwita mjukuu kwa majina ya wajukuu wengine wote kabla hajalipata lake. Msamiati na ujuzi wa kazi ya maisha yake hubaki. Huyo si mgonjwa.

Mwenye dalili za ugonjwa ni anayeuliza swali lilelile mara tano asubuhi moja bila kujua kwamba aliuliza. Ni fundi cherehani anayeshindwa kutunga uzi ilhali macho yake ni mazima, au mama aliyesonga ugali miaka 50 na leo maji yamechemka, amesimama tu na unga mkononi. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013, ulikuta dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri (Alzheimer ni aina yake mojawapo), kwa takriban 6.4% ya watu wa miaka 70 na kuendelea. Yaani wazee wengi hawana. Kauli ya "uzeeni kila mtu huchanganyikiwa" si kweli, na naomba tuiache, maana ndiyo inayotuletea wagonjwa wakiwa wamechelewa.

Kuna inayochelewesha zaidi: kwamba mzee amelogwa, au yeye ndiye mlozi kwa sababu amekutwa usiku uwani kwa jirani. Dimenshia huvuruga usingizi. Mgonjwa huamka saa nane za usiku akitafuta nyumba aliyozaliwa. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi ya Tanzania, Sura ya 18. Mengine ni ya polisi.

Anzeni zahanati au kituo cha afya, mpate rufaa. Aje na mtu anayeishi naye, si mtoto anayefika nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Leteni dawa zote kwenye pakiti zake, za dukani na za mitishamba pia. "Zile ndogo nyeupe" hakuna daktari anayezijua. Tunaziomba kwa sababu amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu, na baadhi ya dawa za mafua zinaweza kumvuruga mzee, na metformini ya kisukari ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12. Sonona, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka: vyote huweza kufanana na dimenshia, na vina matibabu. Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja mbili, asisubiri siku ya kliniki. Mara nyingi ni maambukizi. Aletwe siku hiyohiyo.

Kumbukumbu tunaipima kwa maswali. Leo ni siku gani? Mwenyekiti wa kijiji ni nani? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Kisha tunapanga njiti za kiberiti mezani, naye anapanga zake kwa mfano huohuo. Kipimo hiki kilibuniwa hukohuko Hai, kiwafae hata wasiosoma. Kinaharibika mtoto anaponong'ona nyuma ya kiti, "Mama, si useme mbuzi!" Tunaanza upya, na foleni inasubiri.

Dawa ya kuponya dimenshia haijapatikana. Nyingi zilizopo husaidia dalili. Lakini jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu 45% ya visa vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa, na miongoni mwa visababishi ni presha, kisukari, sigara, kutosikia vizuri na kukosa elimu utotoni. Presha haiumi. Anayeacha vidonge kwa kuwa "anajisikia vizuri" anauumiza ubongo wake mwenyewe.

Sasa barua. Hatutoi cheti cha "hana akili timamu" kwa ajili ya kuuza shamba, wala cha "ana akili timamu" kwa mkataba uliosainiwa jana. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinachotazamwa ni kama mtu alielewa alichofanya wakati anakifanya, na mgonjwa wa hatua za mwanzo anaweza kuelewa asubuhi, jioni asielewe. Anayetaka kusimamia mali ya mgonjwa apeleke maombi mahakamani chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Mahakama ikihitaji ripoti itatuandikia, tutampima mzee mwenyewe na kuijibu mahakama, si familia. Kughushi nyaraka kuna kifungo hadi miaka 7. Ikiwa ni wosia au hati ya ardhi, hadi maisha. Mzee ambaye bado anaelewa vizuri hahitaji barua yetu ili aandike wosia. Aandike sasa, mbele ya mashahidi, kwa matakwa yake.