Tekscha si filta

Wiki hii pekee nimelisikia kosa hili la jina mara tatu, mara ya mwisho kwenye studio moja ya picha huku River Road, Nairobi: "Niwekee ile filta ya ukuta mkuukuu." Fundi akaitikia, naye akaiita filta vilevile.

Tekscha ni picha ya pili. Unapiga picha ya ukuta uliobanduka rangi, bati lenye kutu au karatasi iliyokunjamana, unaitandaza kama tabaka juu ya picha yako, kisha unaififisha hadi ile ya chini ionekane. Basi.

Filta ni kitu kingine kabisa, na jina lenyewe linasema. Limetoka kwenye Kilatini cha zama za kati, filtrum, yaani sufu iliyoshindiliwa ambayo watu walichujia vinywaji. Enzi za filamu nyeusi na nyeupe, mpiga picha alifunga kioo cha manjano mbele ya lenzi, kikazuia sehemu ya mwanga wa buluu, anga ikakolea na mawingu yakajitokeza. Hapo hapajaongezwa kitu, pamepunguzwa. Chujio halijawahi kuongeza majani kwenye chai.

Tekscha nayo inatoka kwa texere, kufuma. Nenda Kariokor umtazame mama anayesuka kiondo: uzi unapita juu, unapita chini, na ukipitisha kidole unauhisi kila mshono. Hiyo ndiyo tekscha, kitu cha kuguswa ambacho picha inakiazima kwa ajili ya jicho. Ukitandaza ukuta juu ya picha ya mtu, unafuma picha mbili ziwe moja.

Ndiyo maana jina linanisumbua. Anayedhani ni filta hubonyeza akaenda zake. Anayejua ni picha huiuliza maswali ya picha: mwanga wake umetoka wapi? Ukuta uliopigwa na jua la kushoto unagombana na uso uliomulikwa kutoka kulia. Rangi je? Kutu itaipaka ngozi rangi ya chungwa, kwa hiyo ondoa rangi ya tekscha kwanza, na usoni ifute tekscha yenyewe taratibu, la sivyo bibi harusi ataonekana ana ukurutu. Kuna na hili: tabaka likiwekwa kwa mtindo wa ovalei (overlay), ambao sehemu zake nyeusi hukoleza picha ya chini na nyeupe huiangaza, kijivu cha asilimia 50 hakibadilishi chochote, na palipo peupe pe kwenye picha ya chini hapashiki alama yoyote. Gauni lililoungua kwa mwanga litabaki tupu hata uhangaike usiku kucha.

Programu za simu zimevitia vyote viwili chini ya kitufe kimoja, kwa hiyo simlaumu mtu. Ila safari ijayo omba tekscha, na utaje ya nini: ya bati, ya karatasi, ya ukuta. Fundi akikuuliza ni filta gani hiyo, mwonyeshe ukuta wenyewe.