Picha za Waingereza, mikono ya nani?

Dhana: Uchoraji wa sura za watu Uingereza ni kazi ya Waingereza wenyewe tangu mwanzo.

Ukweli: Sura ya Mfalme Henry VIII tunayoijua sote imetoka mkononi mwa Hans Holbein, mzaliwa wa Augsburg, Ujerumani. Anthony van Dyck, aliyehamia London 1632, alitoka Antwerp. Hata Peter Lely na Godfrey Kneller waliomfuata walizaliwa Ujerumani. Wazawa walikuwepo, kama Nicholas Hilliard na visura vyake vya kuenea kiganjani, lakini wageni ndio walioishika kazi ya ikulu.

Dhana: Picha nzima ni ya mkono wa bwana mwenye jina.

Ukweli: Karne ya 18 wengi walichora uso, nguo wakampa fundi mwingine. Joseph van Aken aliishi kwa kuchora hariri na lasi za wateja wa Thomas Hudson na Allan Ramsay. Ukisimama mbele ya gauni linalometameta, mkumbuke naye.

Dhana: Wanawake walikaa tu kuchorwa.

Ukweli: Mary Beale alifanya biashara hiyo London miaka ya 1670, mumewe Charles akimtayarishia rangi na kumwekea daftari za hesabu.

Dhana: Mwafrika katika picha hizo ni yule kijana wa pembeni aliyebeba sinia la matunda.

Ukweli: Vijana hao wapo, tena wengi, na inauma kuwatazama. Lakini si wote. Mwaka 1768 Thomas Gainsborough alimchora Ignatius Sancho mjini Bath. Sancho alikuwa mtumishi wa familia ya Montagu, ila pichani hana sare ya utumishi: amevaa kama muungwana, mkono ameutia ndani ya kizibao.

Ninayempenda zaidi ni Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu wa Bundu, Senegal ya leo, aliyeuzwa utumwani Maryland kisha akafika London. William Hoare alimchora 1733. Ayuba alitaka achorwe na mavazi ya kwao. Hoare akamwambia hawezi kuchora nguo asizopata kuziona. Ayuba akamuuliza, mbona wachoraji wanamchora Mungu, ambaye hakuna aliyepata kumwona?

Hoare akasalimu amri. Ayuba yumo pichani na vazi jeupe na kilemba, msahafu ukining'inia shingoni.