Kabla ya Kuihukumu Leza: Ukarabati wa Kisomeo cha Diski cha PlayStation ya Kwanza

Mashine nyingi za michezo za PlayStation ya kwanza zinazofika mezani kwangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, huja na hukumu iliyokwisha kutolewa: leza imekufa, itafutwe nyingine. Leza huchoka, hilo sikatai, lakini katika mashine za umri huu kinachotangulia kuharibika aghalabu ni mwendo wake, yaani reli, gia na plastiki inayoibeba. Fundi anayekimbilia kuiongezea leza nguvu kabla ya kuukagua mwendo huo hufupisha maisha ya kifaa ambacho pengine hakikuwa na kosa lolote.

Leza hii hutoa mwanga wa nanomita 780, ambao jicho la mtu huuona kwa shida sana. Mwanga hupita katika lenzi ndogo ya plastiki, hugonga diski na kurudi ukiwa umebeba data, kutoka kwenye njia inayojizungusha kuanzia katikati kuelekea ukingoni, ambayo mizingo yake imeachana kwa mikromita 1.6 tu. Koili huiinua na kuishusha lenzi na kuisogeza kidogo pembeni, ilhali mota na gia hukisukuma kibebeo chote kwenye reli. Mashine hii husoma kwa kasi maradufu ya CD ya muziki, yaani takriban kilobaiti 300 kwa sekunde, na kasoro ndogo ya mwendo hujitokeza upesi. Ndiyo sababu dalili ya kwanza huonekana katika filamu fupi ya utangulizi: filamu hudai data mfululizo bila kupumzika, ilhali mchezo wenyewe, ukishapakiwa kwenye kumbukumbu, huweza kuendelea kana kwamba hakuna tatizo.

Matoleo ya mwanzo, yale yenye namba ya modeli SCPH-1000 yaliyotoka Japani Desemba 1994 na ndugu zake wa SCPH-1001 na SCPH-1002, yana udhaifu unaojulikana na mafundi wote. Kisomeo chake kimewekwa karibu na sehemu ya umeme inayotoa joto, na kibebeo cha lenzi ni cha plastiki inayosuguana na plastiki. Joto na msuguano huila plastiki hiyo upande mmoja kuliko mwingine, kibebeo kikaanza kulala, na lenzi ikawa haiutazami tena uso wa diski sawasawa. Ndiyo maana wachezaji wengi, kuanzia Marekani hadi hapa Pwani, waligundua kuwa mashine ikisimamishwa kwa ubavu au ikipinduliwa juu chini husoma vizuri: uzito umehama, na kibebeo kimeegemea sehemu ambayo haijalika. Sony ilikuja kukihamisha kisomeo mbali na joto katika matoleo ya baadaye. Kwetu Mombasa, ambako miezi ya kaskazi chumba kisicho na feni huwa na joto kali, kuifungia mashine ya toleo la mwanzo ndani ya kabati la vioo ni kuidhulumu.

Uchunguzi wangu huanza na CD ya muziki iliyo safi. Ikiwa nyimbo za mwanzo zinalia vizuri na za mwisho zinarukaruka, nalishuku eneo la nje la reli, kwa sababu leza ni ileile moja na mwanga wake ni uleule. Ikiwa diski haizunguki kabisa, na lenzi inapanda na kushuka mara chache kisha inatulia, maana yake mashine inatafuta mwanga unaorudi na haiupati. Hapo huenda lenzi ni chafu, sahani inayozungusha diski imeshuka kwenye mhimili wake, au leza kweli imedhoofika. Ukitaka kutazama mwendo huo itakubidi ubonyeze swichi ya kifuniko ili mashine idhani kimefungwa, na usiinamishe jicho juu ya lenzi hata kidogo, kwa kuwa mwanga usioonekana huumiza vilevile.

Usafi unahitaji subira kuliko nguvu. Nachomoa umeme kwanza na kungoja, kwani kapasita kubwa ya sehemu ya umeme huweza kubaki na chaji, kisha naondoa grisi yote ya zamani, ambayo kwa mji wetu wa vumbi na hewa ya chumvi huwa imegeuka uji mgumu kwenye meno ya gia. Naweka tabaka jembamba la grisi ya silikoni isiyodhuru plastiki. Lenzi naisafisha kwa pamba iliyoloweshwa kidogo alkoholi safi ya isopropili, bila kuikandamiza. Spiriti ya kupaka vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa haifai, kwa kuwa mara nyingi huchanganywa na mafuta yanayoacha utando, na thina huiua lenzi papo hapo. Miguso ya waya bapa unaokiunganisha kisomeo na bodi ya mashine nayo isisahauliwe. Unyevunyevu wa pwani huifanya iwe na kutu laini ambayo dalili zake hufanana kabisa na za leza dhaifu.

Iwapo yote hayo yamefanywa na diski bado hazisomeki, ndipo naigusa potenshiometa ndogo iliyo kwenye kibebeo, yaani skrubu ya kurekebisha nguvu ya leza. Kwanza napima ukinzani wake kwa mita na kuuandika, kisha naizungusha kwa kiasi kidogo mno. Mashine ikipona kwa njia hii namweleza mwenyewe waziwazi kwamba amenunua muda tu, kwa sababu leza inayosukumwa zaidi huchakaa haraka zaidi.

Kwa kibebeo kilicholika sana, kubadilisha ndiyo kazi ya uaminifu. Soma namba ya kisomeo kabla ya kuagiza: KSM-440AAM ya matoleo ya mwanzo si sawa na KSM-440BAM ya matoleo ya mwisho. Visomeo vipya vingi huja na tone la risasi ya kulehemu lililounganisha miguso miwili ili kuilinda leza dhidi ya umeme tuli. Tone hilo liyeyushwe na kuondolewa baada ya waya bapa kuchomekwa na kabla ya kuwasha, la sivyo kisomeo kipya kitaonekana kibovu, na duka litarudishiwa kifaa kizima.